UZI: Kusoma Lugha na Fasihi kwenye Diploma ya IB hapa Dar, na kwa nini mshumaa si mwenge

Mleta uzi

Wakuu, habari za jioni. Tangu matokeo ya kidato cha nne yatoke napokea ujumbe faraghani kutoka kwa wazazi na wadogo zangu wanaouliza jambo lilelile: ile diploma ya shule za kimataifa ni kitu gani, na mtoto anayependa Kiswahili na kusoma hadithi atafaidi nini huko? Nimeona niandike hapa mara moja, atakayekuja kesho naye asome.

Kwanza jina. Ukisema "diploma" Tanzania, mtu anaona stashahada ya ualimu, uuguzi au uhasibu. Hii siyo hiyo. Ni mtaala wa miaka miwili wa shirika la IB (International Baccalaureate), lililoanzishwa Geneva, Uswisi, mwaka 1968. Nafasi yake ni ileile ya kidato cha tano na sita, ukimaliza unaomba chuo kikuu. Unasoma masomo sita, kwa kawaida matatu ngazi ya juu na matatu ngazi ya kawaida, kila somo lina alama 7. Kuna insha ndefu ya utafiti isiyozidi maneno 4,000, kuna somo la nadharia ya maarifa, kuna shughuli za nje ya darasa. Ukijumlisha masomo, insha na nadharia ya maarifa, kilele ni alama 45, na chini ya 24 cheti hupati. Hayo hayana ugomvi.

Mimi nataka kuzungumzia somo moja, Lugha na Fasihi, nililosoma kwa Kiingereza, kwa sababu ndilo lililonigeuza.

Nilitoka shule ya kata Temeke, nikapata ufadhili. Nilikuja na A ya Kiswahili na imani kwamba uhakiki naujua. Kazi ya kwanza ilikuwa kuchambua ukurasa mmoja wa riwaya. Nikafanya nilivyozoea: dhamira tano, kila dhamira na aya yake, kisha fani, yaani muundo, mtindo, wahusika, mandhari, tamathali za semi. Niliandika "mwandishi ametumia tashbiha", nikanukuu, nikaenda "mwandishi ametumia takriri", nikanukuu. Nilijaza kurasa nne. Karatasi iliporudi, pembeni ya kila tamathali mwalimu aliandika swali moja: "Kwa nini hivi na si vinginevyo?" Nilihesabu, liliandikwa mara kumi na moja.

Nilikasirika. Nilimfuata mapumziko nikamwambia, mwalimu, mimi takriri nimeiona na nimeitaja kwa jina lake, unataka nini tena? Akanijibu kwa upole: "Umemtambua mgeni mlangoni. Bado hujamuuliza amefuata nini."

Wiki ya tatu alituletea hotuba ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1959 kwenye Baraza la Kutunga Sheria, ile ya Kilimanjaro. Kila mmoja wetu hapa anaijua. Tangu shule ya msingi tumeimba kwamba sisi tunataka kuwasha mwenge na kuuweka juu ya mlima, umulike hata nje ya mipaka yetu, ulete tumaini pasipo na matumaini, upendo palipo na chuki, heshima palipojaa dharau. Lakini barazani Mwalimu alizungumza Kiingereza, na kwenye Kiingereza chake hakuna mwenge. Alisema mshumaa.

Nilisoma mara tatu kuhakikisha. Mshumaa.

Wakuu, fikirieni tofauti hiyo. Mshumaa tunauwasha umeme ukikatika. Unawaka kanisani na kwenye kilio. Unaukinga kwa kiganja usizimwe na upepo, na juu ya Kilimanjaro upepo haukosekani. Mtu anayesema ataweka mshumaa kileleni anakiri kwamba alichonacho ni kidogo na kinaweza kuzimika, na anakipandisha hivyohivyo. Mwenge ni kitu kingine kabisa. Mwenge hukimbizwa, una walinzi na ratiba. Hiyo ni sauti ya dola. Mwaka 1959 Tanganyika haikuwa dola bado, kwa hiyo mshumaa ulikuwa neno la ukweli. Desemba 1961 mwenge wa kweli ulipandishwa kileleni na Luteni Alexander Nyirenda, na tangu 1964 zikaja Mbio za Mwenge. Kwa maoni yangu, baada ya hapo neno mshumaa halikuwa na njia ya kurudi kwenye Kiswahili chetu.

Halafu mwenzetu mmoja darasani, Mkatoliki, akanyoosha mkono: "Hii ni sala." Kweli. Ile sala maarufu inayohusishwa na Mtakatifu Fransisko wa Asizi inaomba upendo penye chuki na tumaini penye kukata tamaa. Mwalimu Nyerere, Mkatoliki aliyesali kila siku, alizungumza na baraza la kikoloni kwa mdundo wa sala ambayo huenda wengi wao waliijua. Hicho ndicho kinaitwa mwingilianomatini, neno nililokuwa nimelikariri bila kulielewa. Na jozi ya tatu, heshima palipojaa dharau, haimo kwenye sala. Hiyo aliiongeza mwenyewe. Mbili za kwanza binadamu yeyote anaweza kuziomba. Ya tatu ni ya mtu aliyetawaliwa.

Dakika arobaini kwenye sentensi moja. Kengele ilipolia sikuinuka.

Nitaendelea na mambo ya mitihani. Ulizeni.

Mama wa Tabata

Ahsante mwanangu. Binti yangu ana ufaulu mzuri, anapenda kusoma kupita kiasi. Kuna shule imempa nafasi ya punguzo la ada. Baba yake anasema bora HKL ya serikali (Historia, Kiswahili na Kiingereza, kidato cha tano na sita), inajulikana. Hilo somo linapimwaje? Na je, vyuo vya hapa nyumbani watamkubali?

Mleta uzi

Shikamoo mama. Nianze na la mwisho. Vyuo vya hapa vinapokea, lakini cheti cha nje lazima kipelekwe NECTA, Baraza la Mitihani, kulinganishwa kwanza. Msisubiri dirisha la maombi lifunguliwe ndipo mkaanze kufuatilia.

Kuhusu kupimwa. Kuna pepa ya kwanza: unapewa maandishi usiyowahi kuyaona, ambayo si fasihi. Yanaweza kuwa tangazo, makala ya gazeti, barua, katuni, ukurasa wa mtandao. Yanakuja na swali moja la kukuongoza. Ngazi ya kawaida unachagua moja kati ya mawili kwa saa moja na robo, ngazi ya juu unachambua yote mawili kwa saa mbili na robo. Hapo hakuna desa la kukariri linaloweza kukuokoa, maana hakuna ajuaye kitakachokuja.

Pepa ya pili ni insha linganishi, saa moja na dakika 45, vitabu viwili kati ya ulivyosoma, swali moja kati ya manne. Kisha kuna mtihani wa mdomo: dakika kumi unazungumza peke yako, dakika tano mwalimu anakuuliza. Ngazi ya juu wanaongeza insha ya maneno 1,200 hadi 1,500 ambayo swali lake unalitunga wewe mwenyewe. Kwangu hiyo ya kujitungia swali ilikuwa ngumu kuliko zote. Miaka yangu yote ya shule nilikuwa najibu tu.

Vitabu ni vinne kwa ngazi ya kawaida na sita kwa ngazi ya juu. Vichache, lakini unavisoma hadi vinachanika.

Mwalimu wa tahasusi

Nimesoma kwa makini na nina neno. Nimefundisha Kiswahili kidato cha tano na sita miaka mingi. Naona uzi huu unaelekea kusema uhakiki wetu wa fani na maudhui ni wa kukariri. Sikubali. Mtaala wetu unadai mwanafunzi athibitishe hoja kwa kazi mbili au tatu, afahamu historia ya fasihi, nadharia, fonolojia, mofolojia, sintaksia. Mwanafunzi wangu wa HKL anaweza kukupasulia kitenzi vipande vipande akakwambia kila mofimu inafanya kazi gani. Hao wa diploma wanaweza?

Ugonjwa uko kwenye madesa. Mtoto ana pamfleti ya kurasa 40 yenye "dhamira za riwaya" na riwaya yenyewe hajawahi kuishika. Darasa lina wanafunzi 90, mimi nina chaki na koo langu. Ningepata darasa la watoto 14 ningekaa kwenye sentensi moja dakika arobaini, tena kwa furaha.

Mleta uzi

Mwalimu, nakubali, na naomba radhi kama nilisomeka vingine. Hilo la mofimu ni kweli tupu. Darasani kwetu nilikuwa peke yangu niliyeweza kueleza "hatutamsahau" imejengwaje, na ndilo lililoniinua baadaye. Nitatoa mfano, kwa sababu nadhani hapo ndipo shule zote mbili zinakutana.

Kazi moja tuliambiwa tulete maandishi kutoka nyumbani. Wenzangu walileta vifungashio na matangazo ya simu. Mimi nilileta khanga ya mama yangu. Ina pindo, ina mji, na chini ya mji jina lake: JAPO SIPATI TAMAA SIKATI.

Nilianza na sauti. Vipande viwili, sipati na sikati, vinafunga kwa kina kimoja. Tofauti yao ni sauti moja tu, p na k. Masikio yanaahidiwa kwamba aliyekosa na asiyekata tamaa ni mtu yuleyule. Kisha nikatumia uliyotufundisha wewe na walimu wenzako, mwalimu. "Pata" ni kitenzi kielekezi, kinadai yambwa. Unapata nini? Khanga haisemi. Yambwa imeachwa wazi na kila mvaaji anaijaza: mume, kazi, mtoto, kiwanja. Kiwandani wamechapa sentensi moja, mitaani zinavaliwa sentensi elfu.

Kisha nikauliza inasomwa wapi. Khanga ikifungwa kiunoni jina linakaa nyuma. Anayelisoma ni anayemfuata mvaaji, kwenye foleni ya maji, sokoni, msibani. Msemaji hamtazami msikilizaji. Anaweza kumwambia jirani neno zito na akiulizwa akajibu, "Mimi nimevaa nguo tu." Na khanga huuzwa doti, vipande viwili vyenye jina moja. Kimoja unaweza kumpa shoga yako, na kuanzia hapo mnasema neno moja kwa miili miwili.

Mwalimu wangu, ambaye hakuwa Mswahili, alinyamaza kitambo. Kisha akaniomba nirudie tangu kwenye yambwa, darasa zima liandike.

Ninachoamini ni hiki, na wazazi wanisikie. Mtoto wa Dar haendi kwenye somo hili akiwa maskini. Amelelewa kwenye mji unaoandikwa kila mahali: khanga, vioo vya nyuma vya daladala, mabango, mipasho ya taarabu. Anachohitaji ni kuzoea kuuliza kwa nini hivi na si vinginevyo.

Mwalimu wa tahasusi

Hiyo ya yambwa nitaitumia Jumatatu. Lakini kama mtahini nikuulize: kwenye huo mtihani wa mdomo wa dakika kumi ungeruhusiwa kutumia khanga? Khanga haina mwandishi.

Mleta uzi

Umegusa palepale, mwalimu. Mtihani wa mdomo unataka dondoo mbili, isiyozidi mistari 40 kila moja: moja ya kazi ya fasihi, nyingine ya maandishi yasiyo fasihi, na zote ziunganishwe na suala moja linalogusa dunia. Hayo maandishi yasiyo fasihi lazima yawe sehemu ya mkusanyiko wa mtu mmoja au chanzo kimoja: katuni za mchoraji mmoja, matangazo ya kampeni moja, hotuba za kiongozi mmoja. Khanga moja iliyookotwa kabatini haisimami. Ningeweza kujaribu khanga za mtengenezaji mmoja, kama zile za Mombasa zenye chapa ya Mali ya Abdulla, lakini nilikuwa nimechelewa kukusanya. Khanga ikabaki kwenye jalada langu la kazi, lile ambalo kila mwanafunzi analijaza miaka yote miwili.

Nilirudi kwa Mwalimu Nyerere. Nilichukua hotuba zake za Kiingereza, nikaziweka na Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, tamthiliya ya Vita vya Majimaji iliyotoka 1969 kisha yeye mwenyewe akaitafsiri kwa Kiingereza. Suala langu: jinsi neno la mtu mmoja linavyowafanya watu wengi kuwa "sisi", na linavyoweza kumtoroka aliyelisema. Kwenye tamthiliya, neno la maji linamzidi nguvu Kinjeketile mwenyewe. Linawaunganisha makabila, na linawapeleka kwenye bunduki. Kwenye hotuba nilikaa na hilo "sisi" la mwaka 1959, na mshumaa. Dakika kumi hazikutosha. Nilikatwa nikiwa bado na la kusema, na nilipoteza alama kwa kutogawa muda sawasawa baina ya dondoo mbili. Wadogo zangu, jipimeni kwa saa mapema.

Kijana wa Mbagala

Dada, mimi nimemaliza form four, ndoto yangu ni uandishi. Kama mtaala ni wa Kiingereza, Kiswahili changu si kitakufa huko?

Mleta uzi

Mdogo wangu, hofu hiyo nilikuwa nayo, na ni ya haki. Somo langu la Lugha na Fasihi lilikuwa la Kiingereza. Lakini kuna mlango ambao wengi hawauoni. Mwanafunzi ambaye shule haina mwalimu wa lugha yake ya nyumbani anaweza kuisoma kwa kujitegemea, chini ya usimamizi wa shule. Inakuwa fasihi tupu, ngazi ya kawaida, vitabu tisa. Ukifaulu lugha zote mbili kwa alama 3 na kuendelea, cheti chako kinaandikwa cha lugha mbili.

Nilifanya hivyo. Kila Jumamosi nilikuwa nachukua mwendokasi hadi Posta, natembea Mtaa wa Samora hadi kwenye maduka ya vitabu, au nakaa Maktaba Kuu hadi jioni. Vitabu kadhaa kati ya hivyo tisa lazima viwe tafsiri, na hapo Kiswahili kina hazina. Mwalimu Nyerere aliifasiri Julius Caesar ya Shakespeare mwaka 1963. Na siku hizi kuna Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah ya mwaka 1994, iliyofasiriwa na Ida Hadjivayanis na kuchapishwa hapahapa Dar na Mkuki na Nyota mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya Gurnah kupata Nobeli. Mzanzibari ameandika kwa Kiingereza, na mabinti na wana wa pwani wanaisoma ikiwa imerudi nyumbani. Iweke na nakala ya Kiingereza mezani, fungua ukurasa wowote, angalia mfasiri alichagua nini na aliacha nini.

Upweke upo, sikufichi. Hakuna wa kubishana naye. Nilikuwa namsomea bibi yangu Gongo la Mboto kurasa kwa sauti, na maswali yake yalikuwa makali kuliko ya kitabu cha mwongozo.

Mama wa Tabata

Nimemsomea binti yangu uzi huu. Ameenda kabatini anakagua khanga zangu zote. Nikuulize la mwisho kama mtu mzima: je, nikimpeleka halafu ufadhili ukakatika katikati?

Mleta uzi

Mama, hilo liulizeni kwa maandishi kabla ya kusaini chochote: punguzo ni la miaka miwili au linapitiwa kila mwaka, linabeba ada ya mitihani au halibebi, sare na usafiri ni juu ya nani. Mwenzangu mmoja alibanwa na ada ya mitihani mwaka wa pili, wazazi wake hawakuwahi kuambiwa. Majibu yasipokuwa wazi, HKL ni njia nzuri na ya heshima, na mwalimu aliyechangia hapo juu ni ushahidi. Mnunulieni riwaya zenyewe, pamfleti ziachwe dukani.

Kijana wa Mbagala

Dada, nimejaribu. Leo kituoni Rangi Tatu nimeona daladala imeandikwa nyuma UKIONA VYAELEA VIMEUNDWA. Nimeandika hivi: "Methali hii ilizaliwa baharini, vinavyoelea ni vyombo, lakini neno vyombo halimo, limebaki vi- peke yake. Kwa hiyo inaweza kupanda gari ambalo halielei. Vyaelea ni Kiswahili cha zamani, leo tungesema vinaelea, na hiyo inampa mwenye gari sauti ya wazee. Vimeundwa ni kauli ya kutendwa, aliyeviunda hatajwi. Nadhani mwenye gari anataka tujue alihangaika kulipata, lakini hataki kujisifu, kwa hiyo amejificha ndani ya kitenzi."

Ni sawa au nimepotea?

Mleta uzi

Hujapotea hata kidogo. "Amejificha ndani ya kitenzi", hiyo sentensi itunze. Sasa rudi kwenye neno la kwanza. Huyo u- wa "ukiona" ni nani? Wewe ulikuwa umesimama wapi ulipoisoma, na gari lilikuwa linakuja au linaondoka?

Kijana wa Mbagala

Lilikuwa linaondoka. Nilikuwa nimelikosa.

Mleta uzi

Andika hilo.